Shika aya moja uifuate: namna ya kuwasoma Mababa wa Kanisa na historia ya theolojia

Nilipoanza kusoma historia ya theolojia nilitafuta kitabu kinene kuliko vyote nilivyoweza kupata. Niliamini kwamba nikikimaliza hicho, kazi imekwisha. Kufika sura ya tatu nilikuwa na majina arobaini kichwani, ya Wagiriki na ya Walatini, na bado nisingeweza kumweleza mtu kwa nini padre Ario na askofu Atanasi, wote wa Aleksandria, waligombana. Nilijua tu kwamba mmoja alishinda na mwingine akahukumiwa. Kitabu kikapanda kabatini, kikakaa mwaka mzima.

Kilichonirudisha ni aya moja. Rafiki yangu mmoja, katekista, aliniwekea mezani Biblia mbili za Kiswahili, Union Version na Habari Njema, zote zimefunuliwa Mithali 8:22, akaniambia nisome kwa sauti. Anayesema pale ni Hekima. Katika ya kwanza anasema, "Bwana alikuwa nami katika mwanzo wa njia yake." Katika ya pili anasema Mungu "aliniumba". Nikauliza ipi ndiyo sahihi. Akanijibu, "Kaka, hapo hapo ndipo walipogombana."

Tangu siku ile sijasoma tena historia ya theolojia bila Biblia kuwa wazi pembeni. Mafundisho tunayoyakiri katika Imani ya Nikea, ungamo lililotokana na mtaguso wa maaskofu mjini Nikea mwaka 325, yalitoka kwa watu waliokuwa wakisoma aya fulani, neno kwa neno, na kubishana walichokisoma. Ukiyatenga na aya hizo unabaki na orodha ya majina na hukumu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye aya, na vitabu vinene vya historia nimeviweka karibu na mwisho.

Hatua ya 1: Andaa meza

Unahitaji Biblia mbili za Kiswahili zinazotofautiana, na mojawapo iwe na vitabu vya deuterokanoni, vile vya Agano la Kale ambavyo Biblia nyingi za Kiprotestanti hazina, kwa sababu Mababa, yaani walimu na waandishi Wakristo wa karne za kwanza, wananukuu Hekima na Yoshua bin Sira bila kukuomba ruhusa. Unahitaji daftari. Na ukubali kwamba maandishi mengi utayasoma kwa Kiingereza, au kwa Kifaransa kama uko Bukavu au Lubumbashi, kwa kuwa tafsiri za Kiswahili za Mababa bado ni chache.

Kwa Kiingereza, ule mkusanyo wa juzuu 38 uliotafsiriwa katika karne ya 19, Ante-Nicene Fathers pamoja na Nicene and Post-Nicene Fathers, hauna tena hakimiliki. Unapatikana bure mtandaoni na unaweza kuupakua kwenye simu, juzuu moja moja, bando lisiishe. Kiingereza chake ni cha kizamani na sentensi ni ndefu, lakini unasomeka. Kwa Kifaransa, mfululizo wa Sources Chrétiennes, ulioanzishwa Lyon mwaka 1942, una vitabu zaidi ya 600, na sehemu kubwa yake ina Kigiriki au Kilatini upande mmoja na Kifaransa upande wa pili. Ukikaa jirani na chuo cha theolojia, iwe Makumira, Kipalapala au Limuru, nenda ukaombe ruhusa ya kusomea ndani ya maktaba. Nenda na barua, na uandike kabisa kitabu unachokitafuta. Mkutubi humsaidia zaidi mtu anayejua anachotaka.

Hatua ya 2: Maswali matano kwenye daftari

Kila unapomkuta mwandishi wa kale ameishika aya, jibu maswali haya kwa mstari mmoja mmoja. Alisoma maneno gani hasa, yaani nakala yake ilisemaje? Ni neno lipi amelikamata? Amelifungamanisha na aya gani nyingine? Anabishana na nani? Na mwisho wa yote anataka msomaji wake afanye nini au aamini nini?

Swali la nne ndilo linalosahaulika. Mtu anasoma Ireneo akidhani anafundisha katekisimu kwa utulivu, kumbe mzee yule wa Lyon, mnamo mwaka 180, alikuwa anajibu watu waliokuwa wakitumia Biblia ile ile kufundisha kwamba Mungu aliyeumba ulimwengu si Baba wa Yesu. Anatoa picha ambayo sijawahi kuisahau. Fundi stadi ametengeneza sura ya mfalme kwa vito vya thamani. Anakuja mtu, anaving'oa vito, anavipanga upya vitoe sura ya mbweha, tena mbweha mwenyewe hana hata umbo zuri, halafu anawaambia wasiowahi kumwona mfalme: huyu ndiye. Vito ni vile vile, mpangilio ndio umebadilika. Kwa hiyo Ireneo anashikilia kile anachokiita kanuni ya kweli, muhtasari wa imani ambao mtu ameupokea kwenye ubatizo, uwe kama ramani ya kurudishia kila kito mahali pake. Ukiijua picha hiyo utaelewa kwa nini Mababa hawaoni shida kusoma Agano la Kale huku wakijua tayari hadithi inakwenda wapi.

Hatua ya 3: Fuata Mithali 8:22 mpaka mwisho

Hapa kaa wiki mbili, usikimbie.

Ukurasa wa kwanza mwandikie Yustino Shahidi, katikati ya karne ya 2. Katika mazungumzo yake na Myahudi Trifo anaileta aya hii kuonyesha kwamba kabla ya viumbe vyote Mungu alizaa kutoka kwake mwenyewe uwezo wenye kufikiri, ambao Maandiko yanauita Hekima, Mwana, Neno. Tertuliano wa Karthago na Origene wa Aleksandria nao wanamsoma Hekima kuwa Kristo. Liandike hilo kwa kalamu nyekundu, kwa sababu ndilo linalofungua yote yanayofuata: Ario, padre wa Aleksandria, anapoanza kufundisha kabla ya Nikea, pande zote mbili zinakubaliana kwamba anayesema katika Mithali 8 ni Kristo. Hakuna anayelibishia hilo.

Sasa swali la kwanza la daftari. Walisoma nini? Walisoma tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale iitwayo Septuaginta, nayo inasema wazi: Bwana aliniumba. Ario akasema, basi Mwana ni kiumbe, tena kulikuwa na wakati ambapo hakuwako. Kwa mtu anayekubali kwamba Hekima ni Kristo na anayesoma Kigiriki kile, hoja hiyo ina uzito. Nilipoiona hivyo kwa mara ya kwanza niliogopa kidogo, kwa sababu nilikuwa nimezoea kumwona Ario kama mtu aliyeamua tu kuwa mbaya.

Majibu yalikuwa zaidi ya moja. Eusebio wa Kaisaria alirudi kwenye Kiebrania akaonyesha kwamba kitenzi cha pale kinahusu kupata, kuwa na kitu, wala si lazima kuumba. Ni kitenzi kile kile anachokitumia Hawa katika Mwanzo 4:1: "Nimepata mtoto mwanamume kwa Bwana." Yeronimo naye, alipotafsiri kutoka Kiebrania, akaandika kwa Kilatini kwamba Bwana alimiliki. Atanasi hakupita njia hiyo. Alibaki na Kigiriki chake, akasema: hiki ni kitabu cha mithali, na kinachosemwa kwa mithali hakisomwi kama maneno ya kawaida, uliza nani anasema, lini, kwa sababu gani. Akajibu kwamba "aliniumba" inahusu mwili alioutwaa Mwana kwa ajili yetu, na ndiyo maana aya inaongeza kuwa ni kwa ajili ya kazi zake. Sehemu kubwa ya hotuba yake ya pili dhidi ya Waario inazunguka aya hii moja.

Ukimaliza ukurasa huo, rudi kwenye Imani ya Nikea na lile neno "mwenye umungu mmoja na Baba", ambalo kwa Kigiriki ni homoousios. Halimo katika Biblia, na maaskofu walijua. Atanasi anaeleza kwamba kila walipopendekeza maneno ya Maandiko, wafuasi wa upande wa pili walikonyezana, kwa kuwa kila neno waliweza kuligeuza likafaa kwao. Ikabidi litafutwe neno lisilogeuzika. Ukitoka kwenye Mithali 8 ukafika hapo kwa miguu yako mwenyewe, hutahitaji mtu akukaririshe maana ya Nikea.

Hatua ya 4: Livunje neno "mfano" mara tatu

Kiswahili cha Biblia kina neno moja linalobeba mizigo mitatu, na msomaji wetu anaweza kupotea hapo bila kujua. Katika Luka 8:4 Yesu anasema kwa mfano, yaani hadithi. Katika Warumi 5:14 Adamu ni "mfano wake yeye atakayekuja". Hiyo si hadithi; ni mtu wa kweli anayetangulia kuonyesha umbo la mwingine. Na katika Wagalatia 4:24, juu ya Hajiri na Sara, Paulo anasema, "Mambo haya husemwa kwa mfano." Huko Kigiriki chake kinatumia neno la tatu kabisa, la kusema hiki ukimaanisha kile. Maneno matatu tofauti ya Kigiriki. Kwetu yote ni mfano.

Kwenye daftari langu nayatenganisha hivi: hadithi, kivuli, fumbo. Kivuli nimelitoa kwenye Waebrania 10:1, linakaa vizuri kwa lile la Adamu. Melito wa Sardi, katika hotuba yake ya Pasaka ya karne ya 2, analieleza kwa mfano wa mchongaji: kwanza anatengeneza kielelezo kidogo cha nta au udongo au mti, aone kazi itakavyokuwa, kazi yenyewe ikisimama, kielelezo hakina tena matumizi. Mwanakondoo wa Kutoka 12 alikuwa mwanakondoo kweli, alichinjwa kweli, damu ikapakwa milangoni kweli. Halafu likaja lile alilolitangulia.

Fumbo ni jambo jingine, na hapa aliyekulia katika Kiswahili ana bahati. Tumelelewa na "fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulitambua". Anayesoma mashairi ya Muyaka wa Mombasa anajua kwamba ubeti unaweza kuzungumzia kitu kimoja huku ukimlenga mtu fulani aliyekaa barazani. Origene anaisoma Biblia kwa masikio ya namna hiyo. Katika kitabu cha nne cha kazi yake juu ya misingi ya imani anasema Maandiko yana kama mwili, nafsi na roho, na kwamba pengine Mungu ameacha vikwazo ndani ya maandishi, mambo yasiyowezekana yakichukuliwa kwa juu juu, ili msomaji asimame na kuchimba. Yohane Kasiano, karne ya 5, anakuja na maana nne, na mfano wake ni Yerusalemu: kwa historia ni mji wa Wayahudi, kwa fumbo ni Kanisa, kwa tumaini la mwisho ni mji wa mbinguni, na kwa mwenendo ni roho ya mtu. Andika mfano huo mmoja tu. Unatosha kwa vitabu vyote vya Zama za Kati utakavyokutana navyo baadaye.

Kule Antiokia, watu kama Diodoro wa Tarso na Theodoro wa Mopsuestia waliogopa fumbo, kwa kuwa liliweza kuyeyusha historia: Adamu asiwe Adamu tena, bustani isiwe bustani. Lakini Wagalatia 4:24 iliwakaa kooni, maana Paulo mwenyewe ndiye aliyelitumia neno lile. Yohane Krisostomo alijibu kwamba Paulo ametumia neno nje ya matumizi yake ya kawaida, na alichokusudia ni kivuli. Soma maelezo yake ya aya hiyo, ni mafupi, kisha usome ya Origene, na hapo utakuwa umeusikia ubishi wenyewe badala ya kusikia habari zake.

Hatua ya 5: Anza na vifupi

Kwa anayeanza napendekeza Barua ya Atanasi kwa Markelino kabla ya kingine chochote. Markelino alikuwa mgonjwa, akawa anasoma Zaburi, akataka kuzielewa. Atanasi anamwambia kwamba vitabu vingine vinamweleza mtu habari za wengine, lakini anayeimba Zaburi huona ndani yake mienendo ya roho yake mwenyewe kama katika kioo. Kisha anampa orodha: ukiwa na adui imba hii, ukiwa na shukrani imba ile. Nimemwona mama mmoja katika kikundi chetu, ambaye hajasoma theolojia hata siku moja, akiitumia orodha hiyo kila asubuhi.

Baada ya hapo nenda kwa Melito, halafu kitabu kidogo cha Ireneo juu ya mahubiri ya mitume, kilichopotea kwa karne nyingi mpaka kikapatikana kwa Kiarmenia mwaka 1904. Kisha Origene juu ya Mwanzo 22, Abrahamu akipanda mlima na Isaka. Vitabu vya kwanza vitatu vya Augustino juu ya mafundisho ya Kikristo viweke vya mwisho katika kundi hili. Alivianza mnamo 396 akaviacha njiani, akarudi kumalizia kazi nzima karibu miaka thelathini baadaye, kwa hiyo ndani yake unamkuta askofu kijana na askofu mzee. Katika kitabu cha tatu anaziazima kanuni saba za kusoma Maandiko kutoka kwa Tikonio, Mwafrika mwenzake wa upande wa Wadonato, Wakristo wa Afrika waliojitenga na Kanisa, ambao Augustino alipambana nao karibu maisha yake yote ya uaskofu. Anamkosoa, lakini anamsoma na kuwaambia wengine wamsome. Nalipenda sana jambo hilo kwake.

Hatua ya 6: Ukikutana na fumbo linalokushangaza

Utafika kwa Msamaria Mwema. Katika hotuba ya 34 juu ya Luka, Origene anasimulia ufafanuzi alioupokea kwa mzee mmoja: mtu aliyeshuka ni Adamu, Yerusalemu ni Paradiso, Yeriko ni dunia, wanyang'anyi ni nguvu za adui, kuhani ni Sheria, Mlawi ni Manabii, Msamaria ni Kristo, mnyama ni mwili wa Bwana, nyumba ya wageni ni Kanisa, na ahadi ya kurudi ni kuja kwake mara ya pili. Augustino anaongeza yake: Yeriko ni mwezi, kwa jinsi unavyozaliwa, kukua na kufifia, basi ni alama ya hali yetu ya kufa, na mwenye nyumba ya wageni ni Mtume Paulo.

Wasomaji wa leo hufanya moja kati ya mawili: wanacheka, au wanalihubiri lote Jumapili inayofuata. Yote mawili yanaharakisha. Rudi kwenye daftari, swali la tatu: ameunganisha na aya gani? Origene yuko kwenye Yohana 8:48, ambapo Yesu anaambiwa kuwa ni Msamaria na ana pepo. Anakana pepo, hakani kuwa Msamaria. Na jina lenyewe, kwa Kiebrania, yeye analisoma kuwa ni mlinzi. Kumbe ana sababu zake. Tena ufafanuzi huo haukuanza naye, kwa kuwa Ireneo alikwisha kumtaja yule aliyeangukia wanyang'anyi na zile dinari mbili kwa namna inayofanana.

Kisha mpime kwa kipimo walichojiwekea wao wenyewe. Augustino anasema kwamba yaliyofichwa mahali pamoja karibu yote yamesemwa waziwazi mahali pengine. Na anasema anayedhani ameyaelewa Maandiko bila kujenga upendo wa Mungu na wa jirani, huyo hajayaelewa bado. Aliyekosea maana lakini akajenga upendo ni kama mtu aliyeacha njia akakatiza shambani na kufika kule kule njia inakokwenda. Hata hivyo aonyeshwe njia, asije akazoea kukatiza na siku moja apotee. Mimi kwa kipimo hicho naona ufafanuzi wa Msamaria unasimama kama sala na kama mahubiri. Usimame badala ya amri ya "enenda zako, nawe ukafanye vivyo hivyo", hapo nakataa.

Hatua ya 7: Visiki vidogo vya njiani

Hesabu ya Zaburi. Mababa wanafuata Septuaginta, hivyo kwa sehemu kubwa, kuanzia Zaburi ya 11 hadi ya 146 ya kwetu, toa moja. "Bwana ndiye mchungaji wangu" kwao ni ya 22. Vitabu vya Samweli navyo wanaviita Wafalme wa kwanza na wa pili. Ukiona 3 Wafalme, fungua 1 Wafalme.

Nukuu zisizolingana na Biblia yako. Augustino anapenda kunukuu Isaya 7:9 kwamba msipoamini hamtaelewa, akajenga juu yake namna nzima ya kufikiri kuhusu imani na akili. Ukifungua Union Version unakuta "Kama hamtaki kuamini, bila shaka hamtathibitika." Hakukosea kunakili. Kilatini chake kilitoka kwenye Kigiriki, na Kigiriki kilisema hivyo. Ziandike tofauti hizi kila unapozikuta.

Namba kama 1.8.1 maana yake ni kitabu cha kwanza, sura ya nane, kifungu cha kwanza, nayo kwa kawaida haibadiliki hata ukibadilisha toleo. Kwa hiyo maneno mazuri ya "Mtakatifu Augustino" yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp bila namba, usiyaweke kwenye daftari mpaka uyapate yalipo.

Hatua ya 8: Sasa fungua vitabu vya historia

Kwa mtu mmoja mwenye muda mchache, kitabu cha J.N.D. Kelly cha mwaka 1958 juu ya mafundisho ya Wakristo wa mwanzo bado kinafaa. Ni kikavu, lakini kinakupeleka kwenye maandishi yenyewe kila ukurasa. Jaroslav Pelikan aliandika juzuu tano kati ya 1971 na 1989, kutoka mwanzo hadi nyakati zetu. Soma ya kwanza, nyingine zingoje. Ukisikia hoja kwamba mafundisho ya Kanisa ni roho ya Kigiriki iliyopandwa juu ya udongo wa Injili, ujue inatoka kwa Mjerumani Adolf von Harnack, mwishoni mwa karne ya 19. Isome, halafu rudi kwenye kurasa zako za Mithali 8 ujiulize kama ulichokiona pale ni falsafa iliyoletwa kutoka nje au ni watu waliokabwa na aya.

Vitabu vya darasani mara nyingi vinapanga timu mbili, Aleksandria ya fumbo na Antiokia ya historia. Frances Young, mwaka 1997, alionyesha kwamba mpangilio huo ni mwepesi mno, na kwamba wengi wa Antiokia walikuwa wanatumia mbinu walizofundishwa katika shule za ufasaha wa lugha. Wewe uliyekwisha kumsoma Krisostomo juu ya Wagalatia utaweza kuamua.

Na kwa msomaji wa Afrika namtaja Kwame Bediako wa Ghana, aliyewaweka mwaka 1992 waandishi wa karne ya 2, Yustino na wenzake, kando ya wanatheolojia wa Afrika ya leo, kwa kuwa swali lao ni moja: mtu akimfuata Kristo, afanye nini na urithi wa mababu zake? Origene na Atanasi walikuwa watu wa Misri, Tertuliano wa Tunisia ya leo, Augustino wa Algeria ya leo. Haitoshi kujivunia hilo. Lazima wasomwe.

Angalia pia mwaka wa kuchapwa. Hotuba ya Melito ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1940. Hotuba 29 za Origene juu ya Zaburi, kwa Kigiriki chake mwenyewe, zilitambuliwa katika maktaba ya Munich mwaka 2012. Kitabu cha zamani hakiwezi kujua hayo.

Hatua ya 9: Usiruke yanayouma

Melito yule yule wa mwanakondoo anawashtaki Israeli kwa kumuua Mungu. Krisostomo, Antiokia, mwaka 386 na 387, alihubiri dhidi ya Wakristo waliohudhuria sikukuu za Kiyahudi kwa maneno makali mno juu ya Wayahudi wenyewe, na karne nyingi baadaye maneno hayo yalitumiwa na watu wenye chuki. Yasome, yaandike, na ujibu swali la tano kwa ukweli: alitaka wasikilizaji wafanye nini, na nini kilikuja kufanyika? Kikundi chetu kilishauriana kuziruka kurasa hizo tusije tukakwazika. Tukaamua kuzisoma, na tulikaa kimya muda mrefu kabla ya mtu kusema neno.

Hatua ya 10: Chagua aya ya pili

Mkiwa watu watatu hadi sita inatosha. Kutaneni saa moja na nusu, kila mtu amebeba mwandishi wake mmoja juu ya aya ile ile, na asome maneno ya mwandishi kabla ya kutoa maoni yake.

Sisi sasa tunaanza Wimbo Ulio Bora 1:5. Union Version inasema, "Mimi ni mweusi-mweusi, lakini ninao uzuri." Yeronimo naye aliandika "lakini". Septuaginta ina "na": mimi ni mweusi, na mzuri. Kiebrania kina herufi moja inayoweza kuwa vyote viwili. Origene, katika ufafanuzi wake wa miaka ya 240 ambao sehemu yake imebaki kwa Kilatini cha Rufino, anasoma "na". Anawaita mke Mkushi wa Musa, malkia wa Sheba, Ebedmeleki aliyemtoa Yeremia shimoni, na ile Zaburi ya Kushi kumnyoshea Mungu mikono, wote wasimame na bibi arusi kama Kanisa la mataifa. Halafu kurasa chache mbele anaugeuza weusi ule kuwa dhambi ya roho ambayo toba huifanya nzuri.

Mambo hayo mawili yamo katika kitabu kimoja, kwa mkono wa mtu mmoja. Nimechora mistari mitano kwenye ukurasa mpya. Kwenye wa kwanza, maneno aliyoyasoma, nimeandika "na", nikalizungushia duara.